Weupe wa Chungu: Chokaa au Mfupa?



 Barua ya Katibu ilinitaka nizungumze juu ya “jambo lolote la manufaa kwa vijana, kwa muda usiozidi nusu saa”. Sisi watumishi wa serikali tunazifahamu barua za namna hiyo: sehemu ya kwanza inakupa uhuru, na sehemu ya pili inakunyang'anya. Nimeona basi nisizungumze juu ya vyeo wala mishahara, maana nusu saa haitoshi kwa malalamiko. Nitazungumza juu ya unga mweupe uliomo katika mikato ya vyungu vilivyofinyangwa yapata miaka elfu nne iliyopita.

Najua baadhi yenu mnaulizana: mtu huyu ni wa ofisini, ana habari gani na vyungu vya kale? Kazi yangu ni ya madini. Napima mawe na udongo unaoletwa na watu. Kila sampuli huja ndani ya bahasha, na juu ya bahasha mwenye kuileta ameandika jina: hii dhahabu, hii chokaa, hii rubi. Jambo la kwanza tunalomfundisha kijana anayeanza kazi kwetu ni kwamba jina lile ni maoni ya aliyeleta. Huenda ni kweli, huenda si kweli, lakini halijawa jibu. Jibu linatoka ndani ya bahasha. Sasa, kanuni hiyo hiyo ndiyo inayowaongoza wataalamu wanaopima nakshi za vyungu vya kale, na matokeo ya kazi yao yamenifurahisha kiasi kwamba nimeona niwaletee.

RANGI ZISIZOTOKA DUKANI

Mfinyanzi wa zamani hakuwa na duka la rangi. Alitumia kile ambacho ardhi na moto vilimpa. Nyekundu aliipata katika ngeu, yaani udongo wenye kutu ya chuma, ambao madini yake huitwa hematiti. Nyeusi aliipata katika masizi, au katika mawe ya manganizi, au katika grafiti, ile ile iliyomo ndani ya penseli zenu. Nyeupe aliweza kuipata katika vitu vinne au zaidi: chokaa, jasi, udongo mweupe wa kaolini, na mfupa uliochomwa.

Ukivisaga vitu hivyo vinne mpaka viwe unga, ukavijaza katika mikato ya chungu, kisha chungu kile kikalala ardhini miaka elfu nne, jicho la mtu halina uwezo wa kuvitenganisha. Vyote vitakuwa vyeupe, vyote vitakuwa na uchafu wa udongo, na vyote vitabanduka ukivigusa kwa ukucha. Lakini kila kimoja kina habari yake. Chokaa huchimbwa kilimani. Kaolini huchotwa bondeni. Mfupa hautoki kilimani wala bondeni. Mfupa umetoka katika mwili wa kiumbe aliyekuwa hai. Kwa hiyo anayeandika “chokaa” mahali pa “mfupa” hakukosea neno tu, amegeuza habari yote ya mfinyanzi yule.

VYUNGU VYA NG'AMBO YA DANUBE

Mfano wangu mkubwa unatoka mbali, magharibi ya Hungaria, ng'ambo ya mto Danube. Baina ya mwaka 2000 na 1500 K.K. hivi, wakati wa shaba nyeusi, waliishi huko watu ambao jina lao wenyewe hatulijui. Wataalamu wamewapa jina la vyungu vyao, Utamaduni wa Vyungu vya Nakshi Iliyojazwa. Walikuwa wakichoma maiti zao kwa moto, na kaburini waliweka majivu pamoja na vyungu, mara nyingi vyungu vingi. Vyungu hivyo vilichorwa mistari, pembetatu na duara kabla udongo haujakauka, halafu mikato ikajazwa unga mweupe. Juu ya chungu cheusi au cha kahawia nakshi hiyo hung'aa kama chaki juu ya ubao.

Msidhani jambo hilo ni la Ulaya peke yake. Huko Nubia, katika bonde la Nile, watu ambao wataalamu huwaita Kundi C, walioishi baina ya mwaka 2400 na 1550 K.K. hivi, walifinyanga mabakuli meusi yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa, wakayachora na kuijaza michoro rangi nyeupe. Mkono wa Mwafrika uliijua kazi hiyo katika zama zile zile.

Turudi Danube. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba unga ule mweupe ni chokaa, au kombe za konokono zilizosagwa. Wazo hilo halikuwa la kipumbavu. Kombe zipo mitoni, na vilima vya Bakony vilivyo katika eneo hilo vimejaa mawe ya chokaa. Mtu aliyetazama kilima kile, kisha akatazama chungu, aliona jibu liko wazi. Basi neno likaandikwa, na aliyefuata akalinakili. Sisi wa ofisini tunaijua njia hiyo: neno likishaingia katika faili la kwanza, faili la pili hulichukua kuwa ushahidi.

Mwaka 2008 watafiti wa Uingereza na Hungaria walitangaza matokeo ya kuupima unga wenyewe. Katika vigae walivyovichunguza, nakshi nyeupe kwa sehemu kubwa haikuwa chokaa wala kombe. Ilikuwa hidroksiapataiti, yaani madini ya mfupa. Mwaka mmoja kabla yake, watafiti wa Hispania walikuwa wameonyesha jambo hilo hilo kwa vyungu vya bonde la mto Guadiana, katika jimbo la Badajoz, vilivyo vya zamani zaidi. Mwaka 2010 habari kama hiyo ilitoka Aberdeenshire, kaskazini-mashariki ya Scotland, kwa vyungu vilivyozikwa na wafu. Haimaanishi kwamba kila weupe wa chungu ni mfupa, maana katika vyungu vingine vya Hispania hiyo hiyo imekutwa chokaa. Maana yake ni kwamba kila chungu kiulizwe peke yake.

CHUNGU HUULIZWAJE?

Wadogo zangu wa Kidato cha Tatu na cha Nne, sasa nasema nanyi hasa, kwa kuwa mambo haya yamo katika masomo yenu.

Mnajua kwamba chokaa ni kaboneti ya kalsiamu. Ukidondosha asidi hafifu ya hidrokloriki juu ya chokaa, hutoka mapovu ya kabonidayoksaidi. Unga wa mfupa uliochomwa ni fosfeti ya kalsiamu, nao huyeyuka taratibu pasipo mapovu ya kutajika. Kipimo hicho ni rahisi, lakini kina hatari mbili. Ya kwanza, asidi inakula sampuli, na kigae cha kale hakina mwenzake. Ya pili, maji ya ardhini hubeba chokaa na kuiacha ndani ya matundu ya chungu. Mapovu mtakayoyaona huenda yakawa ya udongo wa kaburi, si ya mfinyanzi. Huyo ni shahidi wa uongo, tena anayezungumza kwa sauti kubwa.

Kuna chombo cha mkononi, umbo lake kama la bastola, kinachotupa eksirei juu ya kitu na kusoma elementi zilizomo. Ni chombo kizuri, lakini ukikielekeza kwenye unga mweupe kitakuambia hasa: kalsiamu. Kalsiamu imo katika chokaa, imo katika jasi, imo katika mfupa. Fosforasi ambayo ingetusaidia ni elementi nyepesi, na chombo hicho huisoma kwa shida. Ni sawa na kuambiwa kwamba ndani ya nyumba mna matofali. Hujajua bado kama nyumba ni shule, msikiti au duka.

Ili tujue nyumba, yatupasa tujue matofali yalivyopangwa. Chembe za madini zimekaa kwa safu, kama ninyi mnavyosimama mstarini asubuhi, na kila madini yana nafasi yake baina ya safu na safu. Eksirei zikipigwa juu ya unga huruka kwa pembe zinazotegemea nafasi hizo. Pembe za chokaa si pembe za mfupa. Walioigundua kanuni hii ni baba na mwana, William Henry Bragg na William Lawrence Bragg, nao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1915. Yule mwana alikuwa na umri wa miaka 25. Nawatajia umri huo kwa makusudi.

Kipimo cha tatu hutumia mwanga usioonekana, ulio chini ya mwekundu. Kaboneti hunyonya sehemu moja ya mwanga huo na fosfeti hunyonya sehemu nyingine, kwa hiyo kila moja huacha alama yake katika mchoro. Kisha hadubini ya elektroni huonyesha punje zenyewe, na kusema kama kalsiamu na fosforasi zimekaa pamoja ndani ya punje moja. Mashahidi hawa watatu wakikubaliana, hapo ndipo tunapoandika jina.

MOTO NAO HUACHA BARUA

Vipimo hivi havisemi jina tu. Husema pia kazi ilivyofanyika. Mfupa mbichi una mafuta, na karibu theluthi moja ya uzito wake ukiwa mkavu ni nyama-nyama ngumu inayoushikilia. Ni mgumu kuusaga, na ukisagwa hautoi unga safi. Ukiuchoma huwa mweusi kwanza, halafu kijivu, na ukifika yapata nyuzi 700 za Sentigredi penye hewa ya kutosha huwa mweupe na kuvunjika kwa vidole. Wakati huo huo fuwele zake hukua, na mistari ya eksirei huwa myembamba na mikali zaidi. Mpimaji akiitazama mistari hiyo hujua kwamba mfupa umepita motoni.

Sasa fikirini. Chungu cheusi kilipata weusi wake kwa kuchomwa katika moshi, penye hewa kidogo. Mfupa ukiwekwa katika moshi ule ule hubaki mweusi, kwani makaa yake hayapati oksijeni ya kuungulia. Lakini nakshi ni nyeupe. Basi mfupa ulichomwa peke yake, katika moto wa wazi, ukasagwa, ukakandwa, kisha ndipo ukajazwa katika mikato. Mfinyanzi huyo alikuwa na mioto miwili ya tabia mbili, naye alijua kila mmoja unafanya nini. Tukiwa na neno “chokaa” tusingeyajua haya kamwe. Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa.

Nanyi mtaniuliza: mfupa wa nani? Wa ng'ombe, wa kondoo, au wa mtu? Hapa lazima mpimaji ajue mpaka wake. Madini ya mfupa wa mbuzi na ya mfupa wa binadamu ni yale yale, na moto mkali umekwisha kuharibu vile ambavyo vingemtambulisha mwenye mfupa. Kipimo kimesema “mfupa uliochomwa”, na hapo kimenyamaza. Hata hivyo kimesema jambo kubwa. Watu waliokuwa wakichoma wafu wao, waliokuwa na chokaa tele vilimani, walichukua mfupa uliopita motoni na kupamba kwao vyungu vya kuwekea makaburini. Kwa hiyo hawakuchukua mfupa kwa kukosa kitu cheupe. Walichagua.

WEUSI WA AINA MBILI

Nisije nikawachosha kwa weupe, acheni niseme kidogo juu ya weusi. Katika nchi ambazo leo ni Romania, Moldova na Ukraini, baina ya mwaka 5000 na 3000 K.K. hivi, walikuwako wafinyanzi wa utamaduni uitwao Cucuteni-Trypillia. Vyungu vyao ni vyekundu na vya manjano, vimepambwa kwa mizunguko ya rangi nyeusi. Chungu chekundu kimechomwa penye hewa tele. Katika hewa tele masizi huungua yakatoweka, na chuma hugeuka chekundu. Iweje basi rangi ile ibaki nyeusi? Vipimo vimejibu: ni manganizi pamoja na chuma, na mara nyingine hukutwa madini yaitwayo jakobsaiti, yanayoundwa na hivyo viwili motoni. Manganizi hubaki nyeusi hata penye hewa. Mfinyanzi aliyeitafuta aliyajua mawe yake.

Jirani zao wa kusini, katika Bulgaria ya leo, walipamba kwa grafiti katika miaka elfu nne na kitu hivi K.K. Grafiti ni kaboni, nayo ikipata hewa tele katika joto kali huungua. Ili nakshi isipotee ilimpasa mfinyanzi aibane hewa na kuutawala moto wake. Grafiti hiyo hiyo ndiyo iliyong'arisha vyungu vya Zimbabwe Kuu, mji wa mawe uliositawi baina ya karne ya 11 na ya 15, na vyungu vya ikulu ya Buganda. Watu hawa hawakupata kuonana. Jiwe ndilo lililowapa wote somo moja, na wote walifaulu.

VIGAE VILIVYO MASHAMBANI MWETU

Ndugu Mwenyekiti, nafika sasa kwenye jambo linalonipa wasiwasi. Unga ninaousimulia ni mchache mno. Katika kigae kimoja hauzidi chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Kuna njia nyingi za kuupoteza, na takriban zote hufanywa kwa nia njema. Mtu hukisugua kigae kwa brashi ili kipendeze. Mwingine hukitia katika siki au asidi ili kutoa ukoko wa udongo, na asidi hiyo huondoka na chokaa na mfupa kwa pamoja. Mwingine hujaza jasi mpya penye pengo ili chungu kionekane kizima kabatini, na mpimaji anayekuja baada ya miaka thelathini anapima jasi ya dukani.

Nchi yetu nayo ina hazina ya vigae. Vipo vya aina ya Urewe pande za Ziwa Viktoria, vilivyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1948 kutokana na vigae vya Kenya, na vilivyokutwa pia Katuruka mkoani Kagera pamoja na mabaki ya tanuri za chuma. Vipo vya aina ya Kwale pwani na kwenye milima iliyo karibu nayo. Huwa vimechorwa mikato na mifereji, na jembe huvifukua pasipo kutangaza. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inavilinda, na hairuhusu mtu kufukua mahali pa kale bila kibali. Lakini sheria haiwezi kusimama katika kila shamba. Mwenye shamba ndiye anayesimama pale, na mara nyingi mwenye shamba ni baba yako au mjomba wako.

Kwa hiyo, kijana, ukiona kigae chenye nakshi, usikisugue, usikioshe, usikigande kwa gundi. Kiache mahali pake kama yawezekana. Andika ni wapi, ni kina gani, na kilikuwa pamoja na nini. Kisha mwambie mwalimu wako, naye awaarifu wahusika wa Mambo ya Kale wilayani. Kazi hiyo haihitaji fedha wala shahada. Inahitaji daftari na subira.

Wenzangu wa zamani, nanyi nina pendekezo kwenu, maana najua mmekuja na mifuko. Tuichangie maabara ya shule yetu hadubini moja nzuri na kabati la sampuli: chokaa, jasi, kaolini, ngeu, manganizi, grafiti, na mfupa wa ng'ombe uliochomwa hapa hapa jikoni. Vijana wavisage, wavichanganye, wavipangie vipimo, na wapimane ujuzi wakiwa wamefichwa majina. Mimi naahidi kuleta mawe. Mwalimu wa Kemia, yule wa Jiografia na yule wa Historia wapeane zamu ya kulisimamia kabati, kwa sababu somo hili ni la wote watatu.

Na ndani ya kabati hilo liwekwe daftari lenye safu mbili. Safu ya kwanza iandikwe “Inaonekana”, na ya pili “Imepimwa”. Mwanafunzi asiruhusiwe kuhamisha neno kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili kwa sababu tu limekaa pale muda mrefu, au kwa sababu aliyeliandika ni mkubwa kwake. Mtakapokuja kufanya kazi, iwe hospitalini, kiwandani, shambani au katika ofisi kama yangu, mtakuta mafaili mengi yenye safu moja tu. Ninyi muwe watu wa kuuliza safu ya pili iko wapi.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa ya Katibu imekwisha, na harufu ya pilau imekwisha kunishinda.